Mguu wa Unga

Jumatatu, 5 Februari 1973
Mke wangu Jokha amekufa. Jumanne iliyopita kafa, Ijumaa tumemzika. Kaburi nimelifukia peke yangu. Watu waliniomba sepetu, nikakataa. Sasa goti limevimba kama fenesi. Forman, msimamizi wetu kiwandani, kanipa wiki: Jumatatu ijayo nibebe magunia, au anatafuta mtu mwingine. Southall hii ya London wabebaji wamejaa!

Jumanne, 6 Februari
Darshan, Singasinga wa Kisumu, jirani yangu na mwenzangu kiwandani, karudi hoi. Nikamuuliza nani kashika nafasi yangu. Kaniuliza habari za goti. Bila shaka kamwingiza shemeji yake. Mnafiki!

Jumatano, 7 Februari
Vijay wa chumba cha juu alikuwa mwalimu wa historia Kampala. Sasa mlinzi wa makumbusho. Kanieleza habari za magofu ya Ugiriki. Zamani wagonjwa walilala hekaluni, mungu wao akaja ndotoni kuwatibu. Aliyepona mguu aliacha mguu wa udongo, shukrani. Na mawe ya huko yapo chumba anacholinda! Mimi Muislamu, siabudu mawe. Lakini kulala tu?

Alhamisi, 8 Februari
Udongo wa uani umeganda kwa baridi. Nikafinyanga mguu kwa unga wa chapati. Nikaenda nao makumbusho, nikauweka mbele ya jiwe, nikalala kwenye benchi, mchana kweupe. Mungu wao hakuja. Kaja Jokha, kanigombeza kwa kuharibu unga. Nikaamka nalia, huku nimefurahi. Vijay kasimama, mguu mkononi.
"Mzee Mwadini, wale walitoa wakishapona. Wewe umetanguliza."
Hakunifukuza. Kanipa kiti chake, akasimama yeye mpaka jioni. Nyumbani kanichua goti kwa mafuta ya haradali. Mwalimu mzima!

Jumamosi, 10 Februari
Uvimbe umepungua. Vijay anasema ni mafuta na kupumzika. Hajui kitu. Ni ile ndoto.

Jumapili, 11 Februari
Nimesali bila kiti. Alhamdulillahi!
Mke wa Darshan kaleta dengu, kanieleza. Hakuna aliyeshika nafasi yangu. Wiki nzima Darshan kabeba magunia yangu na yake, ili forman asiite mtu. Leo mgongo umekataa, kalala. Nikaenda kumwona. Nikamwambia:
"Ndugu yangu, nilikudhania vibaya."
Kasema anajua, nikae, nimmiminie chai.
Vijay kanionya: goti bado bichi, niombe kazi nyepesi. Nyepesi! Kesho narudi kazini. Nitabeba magunia yangu na ya Darshan.