Kisu cha Mzee Peppeddu

Jumatatu, 3 Juni
Nimemweza Bachisio! Miaka yote kijiji kizima cha Pattada kinamwita fundi visu, na mimi, mstaafu wa posta mwenye karakana yangu uani, bado ni “Bainzu wa barua”.

Larentu mchungaji alikuja baa. Anataka kisu cha kukunja ampe baba yake, Mzee Peppeddu, Jumamosi, siku ya kunyoa kondoo. Mzee ana miaka themanini na sita, anawakabidhi wanawe kundi. Kisu kisishike kutu, maana mzee hukata limau akatia kisu mfukoni bila kukifuta. Bachisio akaweka chake mezani. Nikatoa sumaku. Ikanasa, ta! Nikatangaza kwamba chuma kisichoshika kutu sumaku haikigusi. Bachisio akauliza nimeyatoa wapi. Nikamjibu dunia nzima inajua isipokuwa yeye. Baa ikaangua kicheko. Kazi nimepewa mimi.

(Nimeyatoa kwa muuza sufuria. Si lazima mtu ajue.)

Jumatano, 5 Juni
Bachisio hupoteza miezi akichagua chuma. Hiki kinakaa na makali, kile kinanoleka upesi, hiki kinavumilia chumvi. Makelele! Mimi nimechagua kwa dakika tano. Dada yangu Mallena ana meza kuukuu ya chuma ya kutengenezea jibini, kuku wanalala juu yake. Inang'aa kama mpya chini ya mavi. Sumaku inateleza kama sabuni. Nimekata kipande kwa mkasi wa bati. Kimekatika kwa urahisi ajabu. Nimekichoma kikawa chekundu, nikakizamisha majini. Tupa bado inakila kama siagi. Chuma kitiifu!

Alhamisi, 6 Juni
Bachisio kapita. Kwa upole akanishauri nibane ubapa wa kisu kwenye jiliwa niupinde kidogo, nione kama utarudi, kabla ya kumpa mtu. Nikamwambia aende na wivu wake. Mpini wa pembe ya kondoo dume umetoka mzuri hata mimi nimeshangaa.

Jumamosi, 8 Juni
Sijui nianzie wapi.

Kondoo wamenyolewa, nyama imeiva, watu hamsini mezani. Larentu akampa baba yake kisu. Mzee akakibusu. Akakitia kwenye jibini gumu la mwaka jana, akakandamiza. Ubapa ukapinda. Ukalala ubavuni kama jani la kitunguu.

Nikangoja atukane kisu. Mzee akautazama mkono wake.

“Basi, wanangu,” akasema, “mkono umeisha. Hata jibini siwezi tena.”

Akamsogezea mkwewe sahani, akatiwe. Larentu akageuka upande. Nami mdomo ninao, nikaujaza mkate! Bachisio alinitazama kutoka ng'ambo ya meza. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani nimekaa nyuma ya nguzo. Mallena kanisimulia: mzee hajatoka chumbani, jana jioni alilishwa supu kwa kijiko. Mtu aliyekamua kondoo mia kwa mikono ile! Nikasema kichwa kinaniuma. Mallena akajibu hajakiona.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda. Mara mbili nimefika langoni nikarudi. Mara ya tatu mbwa akanishika suruali, sikuwa na la kufanya.

Nikamwambia mzee yote: meza, kuku, sumaku. Nikamwambia mkono wake mzima, kisu ndicho bati.

“Siku mbili,” akasema. “Siku mbili nalishwa kama kichanga, na wewe unajua?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na ulikula nyama yangu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Ukaongeza?”

“Mara moja, mzee.”

Akanirushia kiatu. Kikanipata sikioni, barabara. Mkono mzima kabisa! Kisha akamwita mkwewe alete jibini na kisu chochote, akakata mwenyewe, vipande vinene, huku machozi yanamtoka. Mimi hakunipa. Nilistahili.

Jumanne, 11 Juni
Kwa Bachisio, kofia mkononi. Nilimchafulia jina, nikaomba radhi mbele ya wateja wake wawili. Akanieleza taratibu kwamba chuma cha ubapa kinachokazwa na moto, sumaku hukinasa, hata kama hakishiki kutu. Kile cha meza na sufuria kinang'aa milele lakini hakikaziki. Akanipa kipande cha chuma chake mwenyewe, nimtengenezee mzee kisu kingine! Nimelia, sifichi. Ameniapisha jambo moja: nisikitie moto mimi. Kinahitaji tanuri maalumu lenye joto la kupimwa, liko mjini Sassari, yeye atakipeleka wiki ijayo. Nimeapa kwa mama yangu. Sitamdharau tena mtu anayejua kazi yake.

Jumatano, 12 Juni
Wiki ijayo ni mbali, na mzee ni mzee. Nimewaza sana. Hilo tanuri la Sassari lina nini? Moto ni moto. Mallena anaoka mkate kesho, na tanuri lake likikolea huwezi kusogeza uso. Nimemwomba kona ndogo, nyuma ya mikate. Hajui kwamba ni ya chuma cha Bachisio. Bachisio atashangaa!