Kanali Wangu na Mtoto wa Bi Mountford

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Mtoto wa kifalme kazaliwa! Alfajiri, huko London. Mvulana. Mhariri wetu, Bi Hilary Bagnall, akaniita kabla sijavua koti. Anataka ukurasa wa barua wa Ijumaa uchemke. Watu wa Cobbersley wanasemaje juu ya mtoto? Wanasemaje juu ya ufalme wenyewe? Kisha akanikumbusha, mbele ya wote, kwamba wiki iliyopita ukurasa wangu ulikuwa na barua mbili, na zote zilihusu kinyesi cha mbwa. Mimi, Desmond Clewlow, nimeshika ukurasa huo wa gazeti la Tarishi miaka kumi na tisa. Niliangalia viatu vyangu.

Nikaenda sokoni na daftari. Nilihoji watu kumi na wanne. Muuza jibini: heri yao. Mama mmoja kituoni akaniuliza kama huyo mtoto ndiye atakayemletea basi la saa nne. Mzee mmoja akasema anapinga, anapinga kabisa. Nikafurahi, kalamu tayari! Kumbe anachopinga ni maegesho mapya nyuma ya benki. Aliyejali ni Bwana Tunnicliffe peke yake, mwenye duka la vyombo. Ameshaagiza vikombe mia mbili vya ukumbusho, vyenye taji na kitanda cha mtoto. Jina bado halijatangazwa, kwa hiyo pale pa jina pameachwa peupe. Ameniambia akingoja jina, duka la mji wa pili litamtangulia.

Nikarudi mikono mitupu. Nikanywa chai. Nikaandika barua mwenyewe.

Kanali mstaafu Aubrey Stanhope-Wyre, namba 40, Barabara ya Kanisani, anasema aliposikia habari redioni alisimama wima jikoni na nguo zake za kulalia, akapiga saluti mbele ya birika. Kanali peke yake akaonekana mpweke. Nikamtafutia adui. Bi D. Rowbotham, mwalimu mstaafu, anajibu kwamba amewaona watoto wengi na wote huzaliwa uchi, hajaona hata mmoja aliyetoka na taji. Barua tamu! Sijawahi kuandika vizuri hivi kwa jina langu mwenyewe.

Ni kosa, najua. Mara hii moja tu.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Barua thelathini na moja! Wamekaa miaka kumi na tisa kimya, sasa hawanyamazi. Nusu wako na Kanali, nusu na Bi Rowbotham. Wapinga ufalme wa mji huu, wote wawili, wamemwomba awe mwenyekiti wao. Mmoja ameuliza, kwa heshima zote, kama ameolewa.

Ajabu zaidi: kila mtu anamjua Kanali. Bwana Peasgood wa chama cha bustani anasema walicheza gofu pamoja, na kwamba Kanali ni mtu mzuri ila hapendi kushindwa. Dada wa maktaba anasema huchelewesha vitabu. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema hamjui. Hapa kwetu mtu yuko radhi aanguke kutoka ngazini kuliko kukiri kwamba hakualikwa mahali fulani.

Bi Bagnall akanipiga begani. Akasema nimezaliwa upya. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilitamani pia anipige tena.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Jirani yangu Bi Edna Mountford alinisimamisha kwenye uzio asubuhi. Ana miaka themanini na tatu. Mtaa mzima tunamtania Mama wa Wafalme, kwa sababu ana kabati la vikombe vya kifalme: ndoa, kutawazwa, na hasa kuzaliwa. Mkono mmoja keki ya tangawizi, mkono wa pili bahasha. Nikadhani ni barua ya kumsifu Kanali.

Siyo. Aliniambia hapo hapo, akiangalia mawaridi yake. Alijifungua binti, Lynette, wiki ile ile aliyozaliwa mtoto mmoja wa kifalme wa wakati ule. Alipeleka tangazo kwenye Tarishi. Karani akamwambia wiki ijayo, mama, wiki hii kurasa zote ni za mtoto wa kifalme. Lynette aliishi siku nane. Wiki ijayo ilipofika hapakuwa na cha kutangaza.

Nikasema nilidhani anawapenda sana hao watu wa kifalme. Akacheka kidogo. Akaniambia, "Siwapendi wala siwachukii, Desmond mwanangu. Mimi naangalia tu. Yule wao akianza shule, najua wangu angeanza shule. Alipoota mvi nikajua wangu naye angekuwa na mvi."

Anachotaka ni jina tu gazetini, kabla hajaiaga dunia. Niliahidi Ijumaa hii. Niliapa na mkono juu ya uzio, hadi kibanzi kikanichoma. Nyumbani nilisoma barua yake mara mbili. Mistari tisa. Niliona haya kwa kila barua niliyowahi kuitunga.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Balaa! Akina mama wa kanisa wamemwalika Kanali akate keki ya sherehe ya mtaani Jumamosi, kumkaribisha mtoto wa kifalme. Bi Bagnall anataka picha yake ukurasa wa kwanza. Anataka kwenda mwenyewe, leo, na mpiga picha. Barabara ya Kanisani inaishia namba 38. Baada ya hapo ni makaburi.

Njia ya mwongo fupi, marehemu mama alikuwa akisema. Yangu ilikuwa na urefu wa siku kumi.

Ningeweza kusema kweli. Bi Bagnall alikuwa amesimama mbele yangu, funguo za gari mkononi, ananitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hapa. Nikamwambia Kanali amefariki. Asubuhi hii. Kwenye kiti chake, baada ya chai, redio ikiwa wazi.

Akakaa chini. Akatoa leso. Akaagiza taazia ya mistari kumi na moja, ukingo mweusi, juu kabisa ya ukurasa wa barua. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshika moto, nikaongeza rambirambi ya Bi Rowbotham kwa adui yake muungwana. Iliniliza mwenyewe!

Ukurasa ukajaa. Kitu kikabidi kitoke. Nikachukua bahasha ya Bi Mountford, nikaandika juu yake kwa penseli: wiki ijayo.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Sikulitambua neno lile hadi leo asubuhi, nilipomwona langoni kwake. Alikuwa na nakala sita za Tarishi kwapani. Sita! Alizinunua duka lilipofunguliwa, za dada zake na wapwa zake, kabla hajaangalia ndani.

Nilitamani anitukane. Nilikuwa na majibu ya matusi. Hakunitukana. Akasema maskini Kanali, mtu mwenye moyo ule. Nikasema wiki ijayo, Bi Mountford, bila kukosa. Akasema ndiyo, hilo neno analijua. Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Sijala. Keki yake ya tangawizi bado ipo mezani. Nimeifunika kwa gazeti, kisha nikaona ni gazeti gani, nikalitoa.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Sherehe. Vibendera mtaa mzima, manyunyu kidogo, hakuna aliyekubali kwamba ni mvua. Kabla ya keki, dakika moja ya kimya kwa ajili ya Kanali. Wapinga ufalme wote wawili walivua kofia. Bwana Peasgood alilia kwa sauti, na baadaye akawaambia watu kwamba maneno ya mwisho ya Kanali yalihusu gofu.

Wakaniita niseme neno. Nilisimama nikiwa nimeazimia kukiri. Kweli kabisa! Nilikuwa na sentensi ya kwanza mdomoni.

Bi Mountford alikuwa mwisho wa meza. Mbele yake kikombe kipya cha Tunnicliffe, cha taji na kitanda cha mtoto. Pale palipoachwa peupe ameandika mwenyewe, kwa rangi ya kucha: Lynette. Herufi ya mwisho imekwenda upande. Alikinywea chai bila kumwonyesha mtu.

Nikasema Kanali angependa tule kabla sandwichi hazijalowa. Wakapiga makofi. Nikakaa. Sijapata kujichukia hivi.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Nimekiri! Kwa Bi Mountford tu, lakini nimekiri. Jikoni kwake, nimesimama, kofia mkononi. Kanali hakuwepo. Bi Rowbotham hakuwepo. Wote wawili ni mimi.

Alikausha sahani ambayo ilishakauka. Kisha akauliza kama ameelewa sawasawa. "Huyo Kanali hakuzaliwa?" Nikasema hakuzaliwa. "Na mlimpa mistari kumi na moja?" Nikasema kumi na moja, na ukingo mweusi. Akaiweka sahani kabatini. Akasema, bila ukali wowote, "Wangu alizaliwa, Desmond."

Nililia mbele yake kama mtoto. Yeye ndiye aliyenipa leso. Nimeapa kwa kaburi la mama: Ijumaa barua yake inatoka, nzima, juu kabisa. Na kuanzia leo sitaandika tena barua ya mtu mwingine. Hata moja. Nimeirudia ahadi hiyo njia nzima ya kurudi ofisini, nikajihisi mwepesi.

Saa tisa alasiri. Nimepanga ukurasa. Barua yake ipo juu, inapendeza. Lakini inaonekana iko peke yake mno. Itakuwaje isipojibiwa? Nawajua watu wa mji huu. Watasoma, watakohoa, watarudi kwenye maegesho. Atangojea nyuma ya pazia na hakuna barua itakayokuja. Hilo sitalivumilia.

Kwa hiyo, kwa ajili yake tu, nimemtafutia mtu wa kumjibu hapo hapo chini: Bi Prudence Stanhope-Wyre, dada wa marehemu Kanali, ambaye naye aliwahi kumpoteza mtoto. Barua nzito! Nimeisoma mara tatu na mara zote tatu imenitoa machozi.

Imekuwa ndefu kidogo. Itabidi ya Bi Mountford niipunguze mistari miwili, mitatu hivi. Jina sitaligusa.