Mheshimiwa Anaona Hafifu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa manaibu wangu watatu. Wakuu wa idara, makaimu wao, na wanaowakaimia makaimu. Daktari mfawidhi, wauguzi, na ninyi akina mama wa wodi ya wazazi mlioombwa msimame ili viti vituenee: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Mradi Jumuishi wa Maji Wodini umetekelezwa kwa asilimia tisini na saba nukta nne, kufuatia upembuzi, fizibiliti na wokshopu kumi na moja, zote nikiwa mwenyekiti, na mwenyekiti mzuri. (Kichanga kinalia wodini.)

Hata hivyo, wakwamishaji wapo. Mkunga mkuu wa hapa aliniandikia kwamba amezalisha wanawake wanne bila tone la maji, na mmoja ana homa isiyoshuka. Nikamjibu kwa Kiingereza, lugha ambamo karipio hukaa vizuri zaidi: "I take a dim view of this." Yaani sikupendezwa, na aliyeniudhi ajitafakari. Mama huyu, badala ya kujitafakari, akafungua kamusi, akakuta "dim" ni hafifu na "view" ni kuona, akaniandikia: "Pole kwa macho, Mheshimiwa. Kama ukiwa ofisini unaona hafifu, njoo usogee. Nitakushika mkono hadi kwa mgonjwa, umguse paji la uso." (Kicheko cha waliosimama.)

Sioni cha kuchekesha. (Kicheko kinazidi.)

Nilimwita, nikamuuliza kama ananidhihaki. Akasema, "Hapana, baba. Mgonjwa bado anaungua." Nikairudia ile sentensi, safari hii kwa sauti. Akasema, "Hiyo nimeisikia. Maji je?" Wiki hiyohiyo nikamhamishia stoo ya mafaili, ambako kazi haihitaji kunawa mikono. (Muuguzi mmoja anaondoka. Wawili wanamfuata.)

Wanaoondoka waandikwe majina.

Sasa tuchangamke. Nikisema bomba, mseme safi. Bomba! (Sauti moja, ya dereva wake: Safi.)

Kwa kumalizia, nawashukuru manaibu kwa kunisikiliza, na namshukuru fundi wetu mzalendo, ambaye asubuhi ya leo aliing'oa koki hii kutoka kwenye sinki la mkewe na kuibandika ukutani ili nipate kitu cha kuzindua. Naomba asiiguse mtu mpaka gundi ikauke.