Cheti cha Uelewa wa Msitu

Ilitangazwa kwa barua yenye mihuri minne kwamba msitu wa chuo kikuu, ambao kwa karne kadhaa ulikuwa ukijiotea kiholela bila mpango mkakati, sasa umepata Mratibu wa Uhifadhi, Elimu na Ushirikishwaji wa Jamii. Barua ilibandikwa getini, chini ya ile inayokataza jamii kuingia.

Mratibu mwenyewe alikuwa Honi. Jina hilo alipewa na mtaa mwaka ule chuo kilipozungushia msitu uzio, na yeye, fundi redio aliyejisomea magazeti ya kufungia sukari, akapanda juu ya pipa na kupiga kelele siku tisa mfululizo. Hakusahau kitu. Alijua namba za magari yaliyoleta nguzo, nani alitia saini, na kalamu ilikuwa ya rangi gani. Miaka kumi na tisa aliifuga hasira hiyo kama kuku wa mayai. Kisha chuo kikampa koti lenye nembo na mifuko sita, na hasira ikapata pa kukaa.

"Napambana kutoka ndani," aliwaambia majirani. Ndani ya nini, hawakumwuliza. Waliiona mifuko.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Cheti cha Uelewa wa Msitu. Mwananchi asiye nacho hataruhusiwa kupita geti, na mali yake iliyomo msituni itaondolewa Ijumaa. Baada ya uchunguzi wa kina, wananchi wenye mali msituni waligundulika kuwa mmoja: shangazi yake Honi, mwenye mizinga kumi na moja ya nyuki, iliyotundikwa na marehemu mumewe kabla ya uzio. Asali ya mizinga hiyo ndiyo iliyomlisha na kumvisha Honi tangu alipofiwa na baba. Jambo hilo halikuwamo kwenye fomu.

Jumatatu shangazi aliingizwa msituni kwa kibali cha muda cha dakika arobaini, afanye mtihani kwenye njia mpya ya mafunzo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hilo koti halikubani?"

"Niite Mratibu. Tuko kazini."

"Haya, Mratibu. Uliza basi, nimeacha maharage jikoni."

Honi alielekeza kalamu kwenye mmea unaotambaa, wenye maganda ya kahawia yaliyojaa manyoya. Mbele yake kulikuwa na kibao kilichochapwa kwa rangi: MAHARAGE YA MAHAMELI. TAFADHALI GUSA UHISI ULAINI WA ASILI.

"Huu ni mmea gani?"

"Upupu."

"Soma kibao, shangazi."

"Kibao nimekisoma. Na upupu nimeuona."

Honi naye alikuwa ameuona. Aliujua tangu ana miaka sita, alipouangukia kifua wazi. Lakini kibao kilikuwa kimepitia kamati tatu, na aliyekiandika alikuwa na shahada mbili, ilhali Honi hakuwa na hata moja. Mwongozo wa usahihishaji ulisema maharage. Akachora mkasi wa kukosa, kwa rula, ili usipinde.

"Umefeli kwa alama moja. Lakini unaweza kukata rufaa."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Mtu aliyeongea siku tisa bila kunywa maji," alisema shangazi, akaondoka kabla dakika zake hazijaisha.

Ijumaa, Mkuu wa Chuo alikuja kuzindua njia ya mafunzo na kushuhudia mizinga ikishushwa. Alisimama mbele ya kibao, akakisoma kwa sauti, akakitii. Alichuma ganda, akalisugua kiganjani, kisha shavuni, mpiga picha apate. Akampa Naibu wake. Naibu akampa Mhifadhi Mkuu. Itifaki ikashuka hivyo hivyo, cheo kwa cheo, mpaka ganda likamfikia Honi.

Neno lilikuwa moja tu. Juu ya pipa angelisema likasikika mtaa wa pili. Honi alilipokea ganda kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri, akainama kidogo na kushukuru.

Kujikuna nako kulifuata vyeo. Mkuu alianza na shingo. Mhifadhi akashauri maji. Yakamwagwa, mambo yakawa mabaya zaidi.

"Hapa nani anajua dawa?" Naibu aliuliza, tai ikiwa mkononi.

"Shangazi yangu," alisema Honi. "Ila hana cheti."

Walitoka mbio mpaka getini. Shangazi, ambaye nyumba yake ilitazamana na geti, alikuwa amekaa barazani. Aliwaona, akaingia jikoni, akarudi na ndoo ya majivu. Akasimama nje ya nondo za geti.

"Mama, tusaidie," alisema Mkuu.

"Mimi nimefeli, baba. Sina uelewa wa msitu."

"Umefaulu. Daraja la kwanza."

"Nimefaulu vipi? Jibu langu sijalibadilisha."

Mkuu alimtazama Naibu. Naibu alikuwa anajisugua mgongo kwenye nguzo ya uzio.

"Ni upupu," alisema Mkuu wa Chuo.

"Umri huu, sisikii vizuri."

"Upupu," alirudia, na msafara mzima ukaitikia.

"Na mizinga?"

Mizinga ikabaki, kwa maandishi, nyuma ya ratiba ya sherehe. Saini zilipinda, lakini zilikuwa tano.

"Na ufunguo wa geti," alisema shangazi.

Ulipita katikati ya nondo. Ndipo akafungua, akaanza kuwapaka mmoja mmoja. Honi alipofika na viganja vyake mbele, shangazi alifunika ndoo.

"Wewe kaa pale. Hawa walikuwa hawajui."

Jioni hiyo Mratibu aliandaa taarifa, mkono mmoja ukiandika, mwingine ukikuna. *Ushirikishwaji umefanyika*, aliandika. *Jamii imeushirikisha uongozi kwa asilimia mia moja.* Alipofika kwenye kisanduku cha Changamoto alifikiri sana, kisha akaandika cheo chake.