Msimu wa Matufaha Garissa

Jumatatu, 11 Agosti

Subhanallah! Nimedanganya mbele ya jamaa wote wa mke wangu, tena kwa Kiswahili sanifu.

Chanzo ni Aweys, shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Minnesota na watoto wake. Tangu afike, binti yangu Iftin, mwenye miaka saba, hanioni kabisa. Ni abti hivi, abti vile, maana kwa Kisomali mjomba ni abti. Zamani nikirudi kutoka shuleni alikuwa akinirukia mlangoni. Sasa anakaa zuliani na mjomba wake wakitazama picha kwenye simu. Leo zilikuwa picha za kuchuma matufaha. Miti mifupi, watoto na vikapu, Aweys katikati akitabasamu kama aliyeipanda mwenyewe.

Iftin akaniuliza mbona mimi sijawahi kumpeleka kuchuma matufaha. Nikajisikia nikisema kwamba hata hapa Garissa lipo shamba la matufaha, kando ya Tana, na Jumamosi nitawapeleka wote.

Akanikumbatia shingoni! Mara ya kwanza tangu wageni waje! Aweys akasema hajawahi kusikia habari hiyo. Nikamjibu kwamba amekaa nje muda mrefu mno.

Hakuna shamba la matufaha Garissa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Gelle, ambaye ana miembe kando ya mto. Tulisoma pamoja. Nikamweleza: nitanunua matufaha sokoni, nitayafunga kwa uzi kwenye miembe yake, ambayo sasa haina hata embe moja, kisha watoto watayachuma. Gelle akanitazama sana. Akauliza kama nimepimwa malaria.

Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba niyafunge chini, usawa wa kifua, na lango la miiba nilifunge. Kiangazi kimewashusha twiga mtoni. "Wallahi, Maalim, juu ni pa twiga," alisema. "Hata mimi mwenye shamba siulizi."

Nikaitikia. Njiani nikafikiri. Yakiwa chini, watoto watachuma wenyewe na mimi nitasimama kama kigingi. Yakiwa juu, Iftin atahitaji kubebwa. Mabegani mwangu! Mbele ya Aweys, ambaye mgongo unamuuma tangu ashuke kwenye ndege! Akili kama hii si ya kila mtu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemaliza matufaha yote ya Osob, yule anayeuza matunda na juisi baridi sokoni. Aliuliza harusi ni ya nani. Nikasema ni siri ya serikali. Akanifungulia friza na kunipa juisi, kwa huruma nadhani.

Matufaha yako chini ya kitanda. Vibandiko vya Afrika Kusini nimevibandua kimoja kimoja kwa ukucha. Ruweyda, mke wangu, alinikuta hapo sakafuni akauliza uzi wake wa cherehani unafanya nini kinywani mwangu. Kwa kuwa ni dada ya Aweys, nilitarajia vita. Badala yake alicheka hadi akakaa chini. Kisha akasema Iftin hana haja ya matufaha, anataka tu nikae naye akichora, kama zamani.

Ruweyda hajui mbinu.

Mshtuko wa jioni: tufaha moja limeliwa nusu! Alama za meno madogo! Panya wa nyumba hii wamevuka mipaka.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika polepole.

Baada ya swala ya Alfajiri nilipanda miembe na kufunga matufaha yote, juu, mekundu kati ya majani. Nilipendezwa hadi nikaanza kuamini mwenyewe. Lango nililiacha wazi ili gari la Aweys lipite.

Wakafika. Watoto wakapiga kelele. Aweys akavua miwani yake ya jua, akaanza kuyahesabu matufaha kwa kidole! Nikambeba Iftin mabegani. Akanyoosha mkono. Tufaha likaondoka.

Lilikwenda juu.

Nikainua macho. Ulimi! Mrefu, mweusi, wenye mate! Twiga, na nyuma yake mwenzake, na nyuma yake mwingine! Walikula matufaha, uzi na majani. Mimi, mwalimu mzima, nilimwita marehemu mama yangu. Mmoja alinilamba, kofia ikaenda. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Mursal, mwana wa Aweys, akasema kwao twiga huonwa kwa mbali, nyuma ya uzio, tena akiwa amelala.

Kisha balaa. Tufaha moja lilianguka miguuni pa Aweys. Uzi mweusi ulining'inia kwenye kikonyo. Lilikuwa na kibandiko! Aweys akakisoma kwa sauti: Afrika Kusini. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo Iftin, akiwa bado mabegani, akatangaza kwamba yeye alijua tangu Alhamisi, na hata alionja moja. Akasema aabo wake, yaani mimi baba yake, ameyafunga yote kwa mikono yake mwenyewe. Je, abti amewahi kumfungia mtu tufaha mtini?

Aweys akalishika lile tufaha kama kitu cha kuvunjika, akasema hapana, hajawahi.

Ni aibu iliyoje! Kusalitiwa na binti yangu mwenyewe!

Jumapili, 17 Agosti

Nimechunguza kosa lilikuwa wapi. Uzi wa cherehani ni mwembamba, na twiga hawana adabu. Mpango wenyewe haukuwa na dosari.

Iftin ameomba turudi shambani. Bila matufaha, ila nimbebe tu. Nimemwambia asubiri, nina kazi. Maana mchana Aweys alitoa tena simu, akaonyesha watoto wake wakijenga mtu wa theluji. Iftin hakutazama hata kidogo, alikuwa akichora twiga na mtu asiye na kofia. Lakini mimi niliona. Na nilisikia sauti yangu ikisema kwamba hata hapa Garissa theluji huanguka, na mwaka huu inatarajiwa Jumamosi.

Kesho mapema kwa Osob. Friza yake ina barafu nene ukutani, nikikwangua vizuri inatosha kujaza ua.

Iftin amekaa kando yangu na kalamu zake za rangi, ananivuta mkono wa shati nitazame. Nimemwambia aniache kidogo. Kwani haya yote namfanyia nani?