Kalenda ya Daktari wa Meno na Chumba Chenye Mlango

Jumatatu, 9 Juni

Kompyuta mpya imefika kliniki. Nyembamba, nyeusi, haina hata alama ya kidole. Daktari ameiweka mezani kwangu, yaani kwenye korido, kati ya choo na mashine ya kuchemshia koleo za meno. Miaka sita nakaa hapo. Kila mgonjwa anayekwenda kujisaidia ananipiga kiwiko na kuniomba radhi.

Ila sasa kuna jambo. Daktari ametangaza kwamba Jumamosi atateua msimamizi wa ofisi. Msimamizi atapewa kile chumba cha mwisho, chenye dirisha. Na mlango. Mlango unaofungika! Nimekwenda kuufunga na kuufungua mara tatu nikijifanya nakagua bawaba.

Wagombea ni wawili. Mimi, mtunza kalenda ya miadi kwenye kompyuta. Na dada wa mapokezi, ambaye huandika miadi hiyo hiyo kwa kalamu kwenye daftari lenye jalada la bluu, eti ikitokea lolote. Mimi humwita Bi Daftari. Si mbele yake.

Daktari akasema atamwita fundi aje kuhamisha kalenda kutoka kompyuta ya zamani. Fundi mwenyewe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alitutengenezea televisheni mwaka juzi na mpaka leo hajamaliza kusimulia. Nikamwambia Daktari asijisumbue, kazi yenyewe ya dakika kumi. Akaniangalia kidogo, akasema haya.

Nimekivuta kile kijipicha cha kalenda kutoka kwenye kioo, nikakitia kwenye flashi. Sekunde moja, tayari. Faili jepesi ajabu. Teknolojia ya siku hizi imefika mbali. Kisha nikafuta kila kitu kwenye kompyuta ya zamani, isije ikapelekwa mapokezi na Bi Daftari akajiona mwenzangu.

Jumanne, 10 Juni

Kwenye flashi hamna kalenda. Kuna kile kijipicha tu. Ukikibonyeza, kompyuta mpya inasema haijui unataka nini.

Sikubabaika. Kalenda hiyo hiyo iko kwenye simu ya Daktari, maana simu na kompyuta zinatumia akaunti moja. Nikaingia kwenye akaunti. Kompyuta ikaniuliza tubaki na kalenda ipi, ya kifaa hiki au ya akaunti. Nikatafakari. Kifaa hiki kipya. Akaunti ina miaka sita. Nikachagua kifaa hiki.

Saa tano Daktari akatoka na glavu zake mkononi, akauliza mbona simu inamwambia hana mgonjwa hata mmoja mpaka mwisho wa mwaka. Nyuma yake niliona miguu ya mgonjwa kwenye kiti. Nikamweleza kwamba kalenda huwa inajisafisha kabla ya kuhama. Akakubali. Yeye fani yake ni meno.

Bi Daftari alifungua daftari lake, akapitisha kidole, akamwita mgonjwa anayefuata. Ndiyo tabia yake hiyo, kukuumbua bila kufungua mdomo.

Nyumbani nako kuna mama mkwe. Yupo kwetu tangu Jumapili. Gego linamtesa, shavu limevimba, anatafunia upande mmoja na usiku analala amekaa. Mwezi uliopita nilimpangia Alhamisi saa tatu asubuhi, mgonjwa wa kwanza kabisa. Leo ameniuliza kama nafasi yake bado ipo. Nikasema mama, ipo, usiwe na wasiwasi. Mke wangu akasema kama kompyuta inasumbua nimpigie kaka yake. Nikamuuliza nani kasema inasumbua.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata mpango.

Bi Daftari hutoka kwenda kula saa saba kamili, hurudi saa saba na nusu. Daftari hubaki chini ya kaunta, limefunikwa na sweta lake. Leo alipopinda kona tu nikalinyakua, nikakaa nalo kwenye kompyuta, nikaanza kuandika kama mtu anayekimbizwa. Miadi hamsini na nne kwa nusu saa. Daftari linasema saa 3, naandika 3:00. Linasema saa 8, naandika 8:00. Kulikuwa na mgonjwa mmoja kwenye benchi aliyenikodolea macho muda wote. Nikampa peremende ili anyamaze. Baadaye nikakumbuka amekuja kuzibwa jino.

Saa saba na dakika ishirini na tisa daftari lilikuwa mahali pake, sweta juu. Simu ya Daktari ikalia, kalenda imerudi, imejaa tele. Amenishukuru mbele ya Bi Daftari. Nikainamisha kichwa kidogo kama mtu asiyependa kusifiwa.

Nimegundua pia kwamba kompyuta mpya inaweza kuwatumia wagonjwa meseji za kuwakumbusha miadi, yenyewe, bila mtu kugusa simu. Nimeiruhusu. Saa kumi jioni zikatoka zote hamsini na nne kwa mpigo.

Kabla ya kuondoka nimepima dirisha la kile chumba kwa ajili ya pazia. Mita moja na robo.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio ili nisichanganye.

Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Kwake yeye saa tatu asubuhi ni 9:00, na 3:00 ni saa tisa usiku, watu wamelala. Hili nilikuwa nalijua. Kila mtu analijua. Jana nilikuwa na haraka.

Nilipofika saa mbili asubuhi nikakuta wagonjwa wa saa nane mchana wamejaa mlangoni, simu mkononi, meseji inasema 8:00. Mlinzi akaniita pembeni. Akasema kuna dereva wa lori alikuja saa tisa usiku, akagonga geti, akamwonyesha meseji, kisha akalala ndani ya lori lake hadi kulipopambazuka. Amemwachia mlinzi maneno aniletee. Siyaandiki hapa.

Saa tatu wakafika wa saa tisa. Saa nne wakafika wa saa kumi. Na saa tatu kamili, kwa mguu wake, akafika mama mkwe akiwa na mke wangu. Yeye meseji aliipata, akaona 3, akajua ni saa tatu. Katika watu wote niliowaandikia, huyu ndiye aliyekuja kwa wakati wake.

Kwenye simu ya Daktari hayupo. Saa tatu yupo mwalimu wa saa tisa. Bi Daftari akamwambia Daktari kwamba kwenye daftari lake mama huyu ndiye wa kwanza. Daktari akanigeukia. Hapo ndipo ningesema kweli na mambo yangeisha. Badala yake nikasema daftari limepitwa na wakati, iliyo sahihi ni kalenda. Nilimwona Bi Daftari akilifunga taratibu.

Mama mkwe akakaa kwenye kiti karibu na meza yangu, kati ya choo na mashine, mkono shavuni. Watu wakawa wanamgonga kiwiko na kumwomba radhi. Saa sita Daktari akaangalia simu, akaona mchana wote mtupu, akavua koti akaenda zake.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliinuka, akasema baba, tutaonana nyumbani. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nioe. Chakula cha jioni mke wangu amenipakulia kidogo, na nimekila bila kuuliza.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeamka na akili mpya. Kurekebisha miadi hamsini na nne ni kazi kubwa. Saa ya kompyuta ni moja tu.

Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, nikairudisha saa nyuma kwa saa sita. Saa mbili asubuhi ikasomeka 2:00. Nikafungua kalenda, 3:00 inakuja baada ya saa moja, kama inavyotakiwa. Kompyuta sasa inahesabu kama watu. Nimejipongeza kwa chai.

Baada ya chai, kompyuta ikakataa kuungana na akaunti. Ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba usalama haujathibitishwa. Simu ya Daktari haipokei kitu kutoka kwangu, kompyuta yangu haipokei kitu kutoka kwake. Kwa vyovyote kuna mtu amechezea waya. Nikamtazama Bi Daftari. Alikuwa anamshika mkono bibi mmoja kumpandisha ngazi. Ujanja huo.

Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja ili nijue upi una kasoro. Wa kwanza ulikuwa wa intaneti. Wa pili wa mashine ya kuchemshia koleo. Wa tatu ulikuwa wa taa ya Daktari, na Daktari alikuwa na koleo mdomoni mwa mtu. Niliwasikia wote wawili.

Robo saa baadaye shemeji akaingia na mkoba wake. Kapigiwa na mke wangu. Hakukaa hata kitini. Akatupa jicho pembeni mwa kioo, akauliza ni nani kairudisha saa nyuma, maana kompyuta ikiwa na saa ya uongo, akaunti haiiamini. Nikasema ni mpya, labda imetoka kiwandani hivyo. Akanitazama, akairudisha. Nyekundu ikaondoka.

Kisha akaingia kwenye akaunti, akafungua pipa la vitu vilivyofutwa, na kalenda yote ya miaka sita ilikuwa imelala humo. Akasema akaunti hutunza vilivyofutwa kwa siku thelathini. Akaitoa. Akafuta ile miadi yangu hamsini na nne. Dakika kumi. Kwa hiyo Jumatatu makadirio yangu yalikuwa sahihi, ila hakuna aliyeona umuhimu wa kulitaja hilo.

Na mama mkwe ameng'olewa gego. Bi Daftari alimpigia mke wangu jana jioni, akamwandika kwa kalamu, leo saa tatu, wa kwanza. Jioni mama amekula pande zote mbili na kucheka. Nimefurahi, kweli nimefurahi, hata nilipomsikia akimwambia shemeji kwamba yule dada wa mapokezi ni mtu. Shemeji akamalizia kwa habari ya televisheni.

Jumamosi, 14 Juni

Ni yeye.

Daktari alitukusanya saa nne, sote pamoja na mlinzi. Alisema wiki hii ameona nani anaijua kliniki kukiwa na umeme na kukiwa hakuna umeme. Nilipiga makofi. Nilipiga mengi kuliko wengine, mpaka mlinzi akanigusa bega.

Bi Daftari alinifuata mezani baadaye. Akasema Jumatano alijua, kwa sababu yeye hulikunja sweta mikono ikiwa ndani na alilikuta mikono nje. Hajamwambia Daktari na hatamwambia. Akasema kaka, siku nyingine niombe tu, ningekusomea na wewe ukaandika. Nikamwambia hongera, na nilimaanisha kwa kiasi kikubwa.

Akaongeza kwamba mlango wa chumba chake atauacha wazi muda wote, apate kuona watu wanaoingia. Mlango mzuri vile.

Jumatatu, 16 Juni

Habari njema. Daktari amesema kompyuta ipumzike kidogo mpaka watu wasahau, kwa hiyo miadi yote mipya tangu Ijumaa imo kwenye daftari la bluu peke yake. Na daftari la bluu limebaki ukurasa mmoja. Leo asubuhi msimamizi amenunua jingine, jekundu, nene, akaniletea yote mawili mezani kwangu. Akaniomba nihamishe miadi kutoka la zamani kwenda jipya kabla ya saa sita. Akasema ananiamini. Nimesikia fununu kwamba mwisho wa mwezi atahitajika msaidizi wa msimamizi, na kile chumba kinatosha meza mbili.

Akauliza kama nataka anisomee. Nikamwambia asijisumbue, kazi yenyewe ya dakika kumi.

Safari hii sirudii makosa. Kosa la wiki iliyopita nimelichunguza, nalo ni kwamba nilifuta kabla ya kuhakikisha nina nakala. Basi nimeanza na nakala. Nimeliweka daftari la bluu mezani, nimelifunga vizuri lisipate vumbi, nimelipiga picha kwa simu. Picha moja tu, haijachukua nafasi hata kidogo. Imetoka safi, jalada lote linaonekana, mpaka doa la chai.

Kisha nimelichana, kurasa zote, madaftari mawili yasije yakawachanganya watu. Vipande nimevitia kwenye lile pipa la pamba zilizotumika, ambalo mlinzi hulichoma saa nne.

Sasa ni saa tano. Daftari jekundu liko wazi mbele yangu, kalamu ninayo. Nafungua picha, nianze kunakili.