Kombi, Kitanda na Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Julai 1993

Baridi! Naandika nimevaa soksi juu ya soksi. Lakini moyoni moto. Kombi imefika! Ndiyo, ile niliyonunua kwa kiinua mgongo baada ya kupunguzwa kazi ghalani. Imesukumwa kutoka barabara kuu ya Bombambili mpaka uani, lakini imefika. Ukarani basi. Kuanzia leo mimi ni Mkurugenzi. Tutapakia mitumba, mimi na mke wangu Kunegunda, tuzunguke magulio yote: Mpitimbi, Namtumbo, mpaka Nalasi wakati wa korosho. Na tutalala humo humo ndani, kama watu wenye nyumba inayotembea.

Jirani Kajetani kachungulia uani, kauliza kama hili ni gari au banda la kuku. Wivu tu! Yeye ana pikapu, anauza mitumba magulio hayo hayo, ila analala chini ya gari kajifunika turubai. Atanikoma.

Sasa swali ni moja. Ndani tupange vipi?

Jumanne, 6 Julai

Nimechora ramani uani kwa majivu, ukubwa wa Kombi yenyewe. Ramani yangu: kitanda kikubwa cha kudumu, kimekingama nyuma juu ya injini. Injini ya Kombi iko nyuma, hata ukiizima jioni ina moto bado. Godoro litapashwa bure! Nani mwingine Songea nzima kawaza hivyo? Mbele ya kitanda, kiti cha Mkurugenzi na kimeza. Jiko? Kunegunda atapikia nje, kwenye hewa safi.

Ramani ya Kunegunda: mabenchi mawili, moja kila upande, mitumba chini yake, jiko la mchina la mafuta ya taa karibu na mlango. Jioni unatandika mbao katikati, unapata kitanda. Asubuhi unazitoa, kitanda hakuna. Anasema mchana kitanda kisionekane, maana gari litapandwa na watu wa heshima. Nimemwambia watu wa heshima nao wana vitanda kwao.

Tukalala kwenye majivu kujipima. Kwenye ramani yangu miguu yangu ilivuka mstari ikaenda kwa kuku. Nikamweleza kwamba wakati wa baridi mtu hulala amejikunja. Kajetani kasimama kwenye uzio, kauliza kama tunaombewa. Koti langu la Jumapili limeharibika.

Alhamisi, 8 Julai

Nchi imeingia vyama vingi, nyumba yangu haiwezi kubaki nyuma. Nimeitisha kura. Matokeo: sare. Nikapendekeza mpiga kura wa tatu, fundi seremala Pankrasi, mtu asiye na upande. Kabla hajafika nilikuwa nimeshampitia kwake na jagi la pombe ya komoni.

Kainywa yote. Kafuta mdomo. Kapigia kura mabenchi! Kasema komoni ilikuwa nzuri sana, lakini miguu yangu ni mirefu. Huu si uchaguzi huru wala wa haki. Nimeufuta.

Kunegunda hakupandisha sauti. Kasema tu kwamba kitanda kikikaa wazi yeye hapandi, nikauze mwenyewe. Hapo nikashtuka. Kwa sababu, angalau humu niseme kweli, mimi kuuza siwezi. Mwezi uliopita nilisimama sokoni na suruali mkononi tangu asubuhi, na aliyenijia alitaka kujua choo kiko wapi. Kunegunda akinyanyua blauzi moja tu, wanawake wanasukumana. Bila yeye Kombi ni banda la kuku kweli.

Lakini ramani ni majivu. Akikiona kitanda chenyewe, cha mbao za mninga, kimetandikwa, atalainika. Namjua mke wangu.

Ijumaa, 9 Julai

Bahati hiyo! Kunegunda kaenda Mpitimbi kumchukua mama yake, Bibi Lidwina. Keshokutwa tunampeleka Peramiho kwenye jubilei ya mdogo wa Bibi huyo, aliye sista. Safari ya kwanza ya Kombi!

Vumbi la basi halijatulia, mimi niko mlangoni kwa Pankrasi. Kaguna. Kauliza kama mama mwenye nyumba anajua. Nikamwambia Mkurugenzi anajua. Kagonga misumari na bolti mpaka jioni. Kitanda hicho! Godoro la sponji, shuka nyeupe, na zile foronya za harusi yetu zenye maua ya kutarizi. Moja imeandikwa Usiku Mwema, nyingine Mpenzi Wangu.

Jumamosi, 10 Julai

Wamefika jioni. Nimemwamkia mama mkwe shikamoo kwa mbali, nimechutama kando ya migomba, macho chini. Naye kaitikia akitazama upande wa pili. Tangu nimwoe binti yake hatujawahi kula pamoja wala kutazamana usoni. Heshima ya ukwe mimi naijua, hakuna wa kunifundisha.

Kunegunda kataka kuona Kombi. Nimemwambia avute subira, kesho kuna jambo. Ufunguo nimeuficha ndani ya soksi.

Jumapili, 11 Julai

Mama yangu wee! Nianzie wapi?

Majirani walikuwa wamejaa uani na nguo zao za misa. Mama mkwe alivaa kitenge kipya, kashika jogoo wa kumpelekea sista. Nikawapanga wote mbele ya mlango wa Kombi, naye mbele kabisa, kwa heshima. Nikavuta mlango. Nikatangaza kwa sauti: karibuni!

Kitanda. Kimejaa gari zima. Na foronya imemkodolea macho mama mkwe: Mpenzi Wangu.

Kapiga yowe, kajifunika uso kwa upindo wa kitenge, kakimbilia nyuma ya choo. Jogoo kaponyoka. Ndipo akili iliponirudia. Mkwe! Kitanda! Mama ambaye hata mlango wa chumba chetu hajawahi kuukaribia, nami nimemfunulia kitanda ninacholala na binti yake, mbele ya mtaa mzima, na kumwambia karibu! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikakivamia nikitoe. Wapi! Pankrasi alikijengea humo humo, hakipiti mlangoni. Nikiwa bado navuta, Kajetani katandika kitambaa cheupe kwenye kiti cha mbele cha pikapu yake, kampakia mama mkwe taratibu, Kunegunda kamkamata jogoo, wakapanda nyuma. Wakaondoka bila kuniaga.

Nimebaki peke yangu. Nimelia kidogo. Kisha nikajilaza kitandani angalau nikijaribu. Miguu haitoshi.

Jumanne, 13 Julai

Wazee wa ukoo wamekaa. Faini: mbuzi na blanketi. Nimepeleka kwa mkono wa mshenga, mama mkwe kapokea na kusema yamekwisha. Kunegunda ndiye bado. Ananiwekea ugali mezani na kuondoka. Na leo nimesikia kwamba Kajetani kamwomba amsaidie kuuza mitumba yake! Kunegunda kamjibu atafikiria. Atafikiria! Nimekosa usingizi, nimekosa hamu ya kula. Jamani, mtu anaweza kuibiwa mke kwa pikapu?

Nimemwita Pankrasi na msumeno. Kila alipokata niliumia mbavuni. Mninga ule ule umetoa mabenchi mawili na mbao za katikati, na jiko la mchina likakaa karibu na mlango. Kunegunda kaingia, kaketi huku, kaketi kule. Kacheka! Kasema Ijumaa twende Namtumbo, Kajetani atafute mwuzaji mwingine. Nimetoka nje haraka, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 17 Julai

Namtumbo oyee! Kunegunda kamaliza robota zima la mitumba kabla jua halijawa kali. Mimi nilishika mwavuli. Jana tulitandika mbao, tukalala, miguu imenyooka yote. Kajetani kakohoa chini ya pikapu mpaka tukamhurumia, tukampelekea chai. Watu wamekuja kusifu mpangilio wa ndani. Nimewaambia niliubuni mwenyewe. Kunegunda kanitazama tu.

Jumatatu, 19 Julai

Nyumbani salama. Kombi imesukumwa kidogo tu.

Ila kuna kasoro. Kutandika mbao kila jioni na kuzitoa kila asubuhi si kazi ya Mkurugenzi. Nimewaza tangu jana, na jibu nimelipata. Paa! Kitanda cha kudumu juu ya paa, kibanda cha plaiwudi, ngazi pembeni. Kunegunda anakwenda tena Mpitimbi Ijumaa. Nimeshamwambia Pankrasi aje na futi kamba. Kaguna.

Na safari hii hata ukwe nimeufikiria. Mama mkwe atakaa chini kwenye benchi kwa raha zake, na kitanda changu kitakuwa juu, hapo hapo kichwani kwake, haoni chochote. Sijui kwa nini sikuwaza hivi tangu mwanzo.